Vimia Tisa vya Metroni

Karakana ilikuwa na milango miwili, na kwa mwaka mzima kila mmoja alikuwa akiingia kwa mlango wake. Mama Vumbi aliingia kwa ule wa mbele, unaotazama barabara, kwa sababu ndio aliouzoea na marehemu mumewe kwa miaka kumi na tisa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliingia kwa ule wa nyuma, unaotokea uani kwa baba yao. Katikati palikuwa na meza ndefu ya useremala, mashine ya kupasulia, rafu ya makopo ya gundi, na ukimya uliowafanya wateja washushe sauti kama watu walioingia msibani.

Haikuwa kwamba hawakuzungumza kabisa. Walizungumza, ila si wao kwa wao. Shemeji, ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa kwa jinsi alivyokuwa akikwaruza watu, alikuwa na kawaida ya kuihutubia mashine.

"Wewe mashine," angesema huku akipangusa meno yake, "mwambie mwenzako apunguze vumbi. Tunakohoa humu."

Na Mama Vumbi, bila kuinua kichwa, angeujibu ufagio uliosimama pembeni: "Wewe ufagio, mwambie bwana mkubwa vumbi hili ndilo linalomlisha. Akichoka nalo, mlango wa nyuma uko wazi."

Mtu asiyewajua angecheka. Waliowajua walichukua stuli zao wakaondoka.

Alipoolewa, Mama Vumbi alikuwa karani katika ghala la vipuri. Hakujua randa wala patasi. Alianza kwa kumletea mumewe chakula cha mchana. Akawa anasubiri vyombo. Katika kusubiri akaombwa kushika ncha ya ubao. Na siku moja mumewe alipokuwa na homa, akaushika msumeno mwenyewe ili kazi ya watu isilale. Haukupita mwaka wa pili kabla ya yeye kuwa mkataji na mumewe kuwa mpokeaji wa wateja. Wateja walisifu mkono wa mumewe, na mumewe alizipokea sifa zile kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani: anaupokea, anaushukuru, anauweka ndani, wala hasemi umekosea nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa amani. Akafa kwa amani, akamwachia mkewe vita.

Kazi iliyomtoa Mama Vumbi ilikuwa kimia: zile papi, vipande vyembamba vya mbao, zinazolazwa kimshazari, safu moja ikielekea kulia, nyingine ikielekea kushoto juu yake, mpaka yanatokea matundu yaliyosimama kwa ncha. Watu huviweka barazani, au bustanini ili mimea itambae. Ukitazama kutoka mbali huona ni kazi nyepesi. Lakini ubao ukiukata umepata mbao mbili. Kimia ukikikata vibaya umepata kuni. Kila papi imeshikwa na wenzake kwa vijisumari na tone la gundi, na msumeno ukipita bila adabu, ncha zote zinafumuka. Yeye alikuwa na mpango wake. Kwanza alichora mstari. Kisha aling'oa kimoja kimoja vijisumari vyote vilivyolala juu ya mstari, asije akavunja meno ya msumeno. Kisha alipigilia papi mbili kwa muda, moja kila upande wa mstari, zishike ncha zisitetemeke. Ndipo akakata, polepole, sikio likiwa karibu na mbao, kwa sababu kimia hulia kabla hakijavunjika.

Msasa hakuiweza kazi hiyo. Alikuwa fundi mzuri wa fremu, milango na vitanda, lakini kimia kilimshinda kwa sababu kilitaka subira, naye subira aliihesabu kuwa ugonjwa wa wanawake. Hilo peke yake lilitosha kumfanya amchukie mke wa kaka yake. Lakini lilikuwepo na lingine, kubwa zaidi: aliamini karakana ni ya damu, na damu ilikuwa imebaki kwake peke yake.

Baba yao alikuwa amestaafu useremala, macho yakiwa mazito na mgongo ukiwa umeinama kama mpini wa shoka. Kila jioni mmoja kati yao alikwenda kumshtaki mwenzake. Bwana amenificha meno ya mashine. Bibi amefungia gundi kabatini. Mwisho mzee akawaita wote wawili uani, akawasimamisha kama watoto waliovunja kioo.

"Nimechoka kusikiliza kesi," alisema. "Metroni anataka vimia tisa kwa ajili ya bustani yake. Mtaifanya kazi hiyo pamoja. Wewe utapima na kutengeneza fremu kule kule bustanini. Wewe utakata vimia hapa. Atakayeiharibu anafungasha vyake, anaondoka karakanani kwangu. Na rufaa sitaki."

"Sawa, baba," alisema Msasa haraka mno.

"Sawa, baba," alisema Mama Vumbi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nje ya chumba kile chenye milango miwili hakuwa na kazi nyingine mikononi, na karani wa ghala la vipuri alikuwa amekufa ndani yake siku nyingi.

Hapa inabidi kusema jambo moja kuhusu ukoo ule. Mzee alianza ufundi kwa tepu iliyokatika ncha. Ncha ya tepu ikikatika huwezi tena kuanzia mwanzo, maana mwanzo haupo. Kwa hiyo alianzia kwenye alama ya sentimita kumi, akasoma namba ya mwisho, kisha akatoa kumi. Akawafundisha wanawe hivyo hivyo. Hata waliponunua tepu mpya, nazo zilikatika ncha katika mikono ya wanafunzi, na desturi ikaendelea mpaka ikawa sheria ya karakana: anayepima anaandika anachokisoma, anayekata anatoa kumi. Kwingine kokote huo ungekuwa wazimu. Pale lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni. Mama Vumbi hakuwahi kujifunza kupima kwa njia nyingine. Kutoa kumi kulikuwa ndani ya mkono wake, si kichwani.

Jumatatu Msasa alirudi kutoka kwa Metroni, akatupa kipande cha ubao mezani. Kwa penseli alikuwa ameandika: mia na ishirini kwa mia na themanini, vipande tisa. Hakusema neno, hata kwa mashine. Mama Vumbi alikisoma, akatoa kumi huku, akatoa kumi kule, akaanza.

Alikata siku mbili. Zilikuwa siku nzuri, kama kazi inavyoweza kuwa nzuri hata katika nyumba yenye uadui. Papi zilitoka kwenye mashine zikiwa na joto na harufu. Alizipanga, akazipaka gundi, akazipigilia. Kisha akachora, akang'oa, akakata. Msasa alikuwa akiingia na kutoka, mara kuchukua nyundo, mara bawaba. Jumatano mchana kimoja cha vimia kilikuwa kimezuia njia. Alikinyanyua kwa mikono yake miwili, akasimama nacho kidogo, akakiegemeza ukutani taratibu, taratibu kuliko alivyowahi kushika kitu chochote cha shemeji yake. Mama Vumbi aliona. Alifikiri labda mwenzake ameanza kuchoka na ugomvi. Akajikuta amesema, moja kwa moja, bila kupitia ufagioni:

"Asante, shemeji."

"Usijali," alisema Msasa, akatoka kwa mlango wake.

Alhamisi asubuhi mkokoteni ulivipeleka vimia vyote tisa kwa Metroni.

Metroni alikuwa ameongoza wodi kwa miaka thelathini, na alikuwa bado anaiongoza, ingawa sasa wodi ilikuwa bustani ya nyuma ya nyumba na wagonjwa walikuwa miche ya pasheni. Magoti yalikuwa yamemharibikia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, fimbo mapajani, akitazama ukuta wa jirani ambao haukupigwa lipu, wenye madoa ya maji machafu na chupa zilizopandikizwa juu yake. Ukuta huo ndio aliotaka kuufunika. Alikuwa akiutazama kwa miaka sita na alisema kama akifa akiutazama, atarudi kuwasumbua watu.

Fremu tisa za Msasa zilikuwa zimesimama tayari, zimenyooka, safi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama Vumbi alilitazama shati lile akajiuliza ni fundi gani anayekuja kazini na pasi.

Alikibeba kimia cha kwanza, akakiingiza kwenye fremu. Kilipita upande wa pili kama barua inavyopita chini ya mlango. Akakirudisha. Kikapita tena.

"Hicho ni nini?" aliuliza Metroni. "Nimeagiza kimia au chandarua cha mtoto?"

Mama Vumbi alichukua cha pili. Kilikuwa vile vile. Hakuhitaji kujaribu cha tatu. Alijua upungufu ule kabla ya kuupima. Vidole vyake vilikuwa vimeutambua. Ulikuwa kumi.

Msasa alisimama, akajipangusa, akatoa mfukoni kile kipande cha ubao na tepu. Akaivuta tepu kwenye fremu, kwa sauti, ili kila mtu aone na kusikia. "Mia na ishirini. Na huku, mia na themanini. Namba ziko hapa, Metroni, mwandiko wangu. Mwenye macho asome."

Tepu ilikuwa ya njano, na ncha yake ya chuma ilikuwa nzima, ikimetameta kama jino jipya.

"Tepu hiyo umeinunua lini, shemeji?" aliuliza Mama Vumbi.

"Tepu ni tepu."

"Nimekuuliza lini."

"Jumatatu. Kununua kifaa ni kosa?"

"Na Jumanne na Jumatano umenipita mara ngapi nikikata?"

"Mimi si mlinzi wako."

"Kimoja umekibeba. Umesimama nacho mkononi. Wewe ni fundi, shemeji. Mkono wako ulikwambia kimepungua."

Msasa akatabasamu, na lilikuwa tabasamu lililokuwa limengoja mwaka mzima. "Nilidhani umeamua hivyo. Nani mimi nimfundishe bingwa wa vimia? Mbona hukuuliza?"

"Kwa mdomo upi? Ungenijibu kupitia mashine?"

"Ningekujibu. Ungeuliza, ningekujibu."

Walimwita mzee. Alikuja kwa miguu, akachukua muda mrefu, na muda wote huo hakuna aliyekaa isipokuwa Metroni. Alisoma kipande cha ubao akiwa amekisogeza karibu na pua. Akaishika tepu, akapima fremu, akapima kimia. Mama Vumbi alimweleza, kwa sauti ya chini na kwa heshima, kama alivyokuwa akizungumza naye siku zote. Alisema: "Baba, karakanani kwako anayekata anatoa kumi. Nimetoa kumi."

"Mtu akiwa na shaka anauliza," alisema mzee.

"Sikuwa na shaka, baba. Nilikuwa na sheria yako."

Mzee alimtazama mwanawe. Kulikuwa na kitambo hapo, kifupi, ambapo jambo lingeweza kwenda upande wowote. Msasa alisema upesi, "Namba ni sahihi, baba. Hilo ndilo swali." Na mzee, ambaye alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, aliinamisha macho kwenye kile kipande cha ubao kana kwamba kina maneno mengine zaidi ya yale.

"Namba ni sahihi," alisema. "Na nilisema rufaa sitaki."

Mama Vumbi hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda karakanani akachukua vitu alivyokuja navyo na vile ambavyo mumewe alimpa mkononi: msumeno wa mkono, nyundo ndogo, koleo, patasi mbili, mfuko wa vijisumari. Aliacha ufunguo juu ya meza. Msasa alisimama kwenye mlango wa nyuma, amekunja mikono.

"Wewe mashine," alisema, "mwambie mgeni asisahau kitu."

"Sijasahau, shemeji," alisema Mama Vumbi, akimtazama usoni. "Hiki ulichonifanyia sitakisahau hata nikisahau jina langu."

Aliporudi kwa Metroni alikuwa amekuja tu kuomba radhi na kuchukua vimia vyake akavichome. Metroni hakumkaribisha kiti.

"Unaenda wapi na mali yangu?"

"Nimefukuzwa, Metroni."

"Umefukuzwa karakanani. Hapa nani amekufukuza? Niliagiza vimia tisa, nataka vimia tisa. Usinitazame hivyo, sikuonei huruma. Huruma niliimaliza wodini. Nina magoti mabovu na ukuta mbaya, basi."

Mama Vumbi alivitazama vimia vilivyolala kwenye majani. Kumi kwa upana, kumi kwa urefu. Tano kila upande. Alikaa akifikiri mpaka Metroni akamuuliza kama amelala.

"Kila kimia kikizungushiwa pindo la ubao la tano," alisema, "kitaingia."

"Kitakuwa na pindo?"

"Kama shuka."

"Basi kitapendeza kuliko nilivyoagiza. Mbona unachelewa?"

Palikuwa na mlango mbovu uliotupwa nyuma ya jiko. Aliulaza juu ya mapipa mawili, ikawa meza. Hapakuwa na mashine. Mbao zote za pindo alizipasua kwa mkono, akiwa ameweka goti juu yake, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mabega yalimuuma. Lakini alikata kwa ghadhabu iliyopangika, ghadhabu inayofuata mstari, na hakuharibu hata kipande kimoja. Pembeni yake Metroni alikuwa akikosoa.

"Pindo hilo limepinda."

"Halijapinda, Metroni. Ni wewe umekaa upande."

"Nyie mafundi hamna adabu."

"Na nyie wauguzi je?"

Siku ya nne Metroni alimpokea na habari, iliyomfikia kwa simu kabla ya chai. Mzee alikuwa amekwenda mwenyewe kupima dirisha la jirani, akaanzia kumi kama alivyoanzia maisha yake yote, akaandika alichokisoma. Msasa, aliyekwisha kuzoea tepu yake ya njano, alikata kama palivyoandikwa. Dirisha lilifika kwa mwenye nyumba likiwa limezidi kumi kwa upana na kumi kwa urefu, likakataa kuingia ukutani mbele ya watu wote wa mtaa. Wanasema mzee aliichukua ile tepu kutoka mfukoni mwa mwanawe, akaishika ncha yake kwa kidole na gumba, akakaa nayo kwenye ngazi.

"Cheka," alisema Metroni. "Mimi nimecheka mpaka kifua kimeuma."

Mama Vumbi hakucheka. Alichukua kimia cha sita, akakilaza mezani.

Ilikuwa karibu saa tano alipomwona baba mkwe wake getini. Alikuwa ameingia mpaka hatua tatu ndani, akasimama. Mkononi alikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele wa karakana, umening'inia kwa uzi kwenye kidole. Hakuuficha. Alikuwa ameushika nje, kama mtu anavyobeba kitu alichokuja kukitoa.

Alikuwa anasubiri. Mama Vumbi alijua anasubiri nini. Tangu aolewe, hakuna siku aliyokutana na mzee huyu bila kumpa shikamoo yake. Alimwamkia hata asubuhi waliyomzika mumewe, akiwa hana sauti. Mzee wa namna ile hawezi kuanza. Hawezi kusema nimekosa, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Lakini akiamkiwa ataitikia marahaba, na baada ya marahaba ataweza kusema mwanangu, na baada ya mwanangu ufunguo utasogea wenyewe kutoka kidole kwenda kidole. Neno moja tu. Mashine, rafu ya gundi, meza ndefu, mlango unaotazama barabara: vyote vilikuwa nyuma ya neno moja.

Alikuwa na vijisumari vinne vilivyobanwa midomoni. Alitoa cha kwanza, akakigonga. Mtu angeweza kusema hawezi kuamkia na misumari mdomoni. Alitoa cha pili. Mzee alihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Akatoa cha tatu, akakipigilia kwa makini, kichwa kikalala sawasawa na mbao. Alikumbuka macho yale yakiinamia kipande cha ubao. Alikumbuka lile "namba ni sahihi." Akatoa cha nne.

Sasa mdomo ulikuwa mtupu. Aliinua uso, akamtazama mzee, naye mzee akamtazama. Hakusema kitu. Alimtazama hivyo, nyundo mkononi, mpaka yule mzee akaelewa. Akakunja kiganja chake juu ya ufunguo, akageuka, akatoka. Gongo lake lilisikika barabarani kwa muda.

"Baba mkwe wako alitaka nini?" aliuliza Metroni, ambaye alikuwa ameona kila kitu.

"Salamu."

"Umempa?"

"Hapana."

Metroni aligonga fimbo yake chini mara moja, mara mbili. "Na ule ufunguo?"

"Ameondoka nao."

"Wewe mwanamke una roho ngumu."

"Sikuwa nayo," alisema Mama Vumbi. Alikisogeza kimia kilichofuata juu ya mlango mbovu, akachora mstari kwenye ubao wa pindo lake, akaushika msumeno. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Akaiweka juu ya mbao, mmoja juu ya mwingine, akasubiri itulie, kwa sababu pindo halikatwi na mkono unaotetemeka. Ilichukua muda. Metroni, kwa ajabu, hakumharakisha. Ilipotulia, akaanza kukata.